Fundi wa Dohani Aliyekataa Kahawa

Kule Haapovaara, kijiji cha kaskazini ya mbali kwenye theluji, mtu akiingia jikoni kwako akakataa kahawa, amekutukana. Hana haja ya kuongeza neno. Utamuuliza hali ya ng'ombe wake, utamfungulia mlango akitoka, lakini moyoni umeshamfuta. Sasa vuta picha ya hali ya Armas Kettunen, fundi wa dohani, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia majikoni mwa watu kutwa nzima, nyumba baada ya nyumba, akikwangua masizi kwenye mabomba ya moshi ili watu wasiungue wakiwa usingizini kwenye baridi kali. Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya themanini, mtu huyo aliambiwa kwamba kahawa ya majikoni hayo inamla tumbo.

Armas alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, hajaoa. Si kwamba hakupenda wanawake. Alimpenda mmoja, Impi Leinonen, mjane wa nyumba ya mwisho kule ziwani, na alikuwa amempenda kwa muda mrefu hivi kwamba kila mtu alijua isipokuwa wao wawili, au labda walijitia hamnazo. Mapenzi yenyewe aliyaonyesha kwa njia moja tu. Sheria ilitaka dohani ifagiliwe mara moja kwa mwaka. Ya Impi aliifagia hata mara nne. Kila akija, alisema ameona masizi. Impi hakubisha. Alimmiminia maji ya moto anawe mikono, akamwekea kahawa na mikate mitamu yenye iliki, akaketi upande wa pili wa meza, na hapo wakanyamaza pamoja kwa raha zao. Watu wa kule ndivyo walivyo. Nimeishi nao miaka mingi na mpaka leo natamani kuwashika mabega niwatikise.

Kwa Impi tu ndiko Armas alikokula. Kwingine kote alikunywa kahawa tupu, na sababu yake ilikuwa heshima. Fundi wa dohani mikono yake ni myeusi mpaka kwenye kucha, na wenye nyumba huleta mikate myeupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe. Armas aliona haya kuigusa. Alishika kikombe kwa vidole viwili, akanywa, akaongezwa, akanywa tena, akashukuru, akapanda paa la nyumba inayofuata. Asubuhi alitoka kwake na sigara tu mdomoni. Mgongo ulipomuuma kwa sababu ya ngazi, alimeza vidonge vya maumivu na kuvisindikiza kwa kahawa hiyohiyo. Chakula cha kweli alikula jioni, akiwa amechoka, akasokota sigara nyingine, akalala.

Siku moja kabla ya Krismasi alikuwa juu ya paa la shule pale tumbo lilipomkamata. Alijikunja akaikumbatia dohani kama mtu anayecheza nayo dansi, na mwalimu mkuu alilazimika kupanda ngazi kumteremsha. Kwenye zahanati walimpitishia mpira kooni, wakachungulia ndani. Daktari akasema ukuta wa ndani wa tumbo umevimba, umekuwa mwekundu, na sehemu nyingine umechubuka. Kisha akaondoka, akamwacha na muuguzi Raili, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Tumbo lako, Kettunen, kwa ndani lina ngozi laini kama ya ndani ya shavu," Raili alisema. "Asubuhi unaipa moshi. Halafu unaipa kahawa. Halafu unaipa vidonge ambavyo peke yavyo vinaikwangua. Chakula unaipa jioni. Ungemfanyia ng'ombe hivyo, ungeshtakiwa."

"Sina ng'ombe."

"Najua huna. Haya, nisikilize. Uji kabla hujatoka mlangoni. Sigara, basi. Pombe, basi. Vile vidonge hutavigusa mpaka nikuambie, na siku ukivihitaji utavimeza baada ya kula, si kabla. Kahawa kikombe kimoja kwa siku, ukiwa umeshiba."

Armas aliona mbele yake majikoni yote ya Haapovaara.

"Bado si kidonda," Raili akaendelea, "lakini ukikaidi kitakuwa kidonda, na kidonda huvuja damu. Choo chako kikiwa cheusi, kinang'aa, kinanata kama lami, hiyo ni damu. Usingoje mpaka Jumatatu."

"Mimi kila kitu changu ni cheusi," Armas alisema.

Raili hakucheka. Armas naye, ukweli ni kwamba hakuwa anatania. Baba yake alikuwa mkata magogo, akafia kambini msituni akitapika damu, naye Armas alikuwa bado mtoto wa shule. Waliomleta nyumbani juu ya sleji, kile kigari cha kuburutwa kwenye theluji, walisema alilalamika tumbo majira yote ya baridi, kisha wakajirekebisha: hapana, hakulalamika, ila alikuwa akijishika. Armas hakutaka kufa hivyo. Alivitupa vidonge, akaitupa tumbaku kwenye moto, akanunua shayiri ya uji. Yote hayo yalikuwa mepesi. Lililokuwa zito ni kahawa, na ndani ya kahawa mlikuwa na jiko moja ambalo hakutaka kulipoteza kwa lolote.

Kwanza alijaribu uongo. Nyumbani kwa Saimi Moilanen alisema, "Ahsante, nimeshakunywa hapo kwa jirani." Kwa jirani alisema ameshakunywa kwa Saimi. Armas, maskini, alisahau kwamba Haapovaara kulikuwa na simu. Jioni hiyohiyo Saimi alipiga kwa jirani kumuuliza amempa fundi kahawa gani tamu hivyo hata akaikataa ya kwake. Jirani akasema hajampa chochote. Wakapiga simu nyumba ya tatu. Kabla ya saa ya taarifa ya habari ilikuwa imejulikana kijiji kizima kwamba Kettunen anakataa kahawa ya kila mtu na anadanganya juu yake.

Sasa sababu ni nini? Watu walikaa wakatafakari. Kulikuwa na vijana wawili wa kigeni, wamevaa tai, waliopita na baiskeli wakati wa kiangazi wakigonga milango, wakihubiri dini isiyoruhusu kahawa, ambayo zamani iliruhusu mwanamume kuoa wake wengi. Saimi ndiye aliyeunganisha. "Ameingia ile dini," alisema, na jambo likaisha. Mchungaji wa kanisa alianza kumtazama Armas kwa huruma. Wazee dukani walimuuliza kama ataoa wake wengi. "Anza na mmoja kwanza, Kettunen," mmoja akamwambia, "uone uzito wake."

Armas angeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Angesema, "Tumbo langu ni bovu." Lakini kule mwanamume huzungumzia tumbo lake kwa daktari tu, tena akilazimishwa. Mguu unaweza kuutaja, mkono pia, na mgongo ukiuma unaruhusiwa hata kujisifu nao. Tumbo ni aibu. Dini angalau mtu huichagua mwenyewe. Basi akauacha uvumi uendelee, na kusema kweli ulimrahisishia kazi, kwa kuwa watu waliacha kumwekea vikombe. Tumbo likaanza kupoa. Usiku alilala bila kuamka, suruali ikaanza kumbana kidogo kiunoni.

Machi ilipofika ikabidi aende kwa Impi.

Alikuwa amejipanga. Atakula mkate wa iliki kwanza, kisha atakunywa kikombe kimoja, ndicho kikombe chake cha siku hiyo. Alikuwa amekihifadhi tangu asubuhi kwa ajili yake. Lakini alipoingia, Impi hakummiminia maji ya kunawa. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono kifuani.

"Basi ni kweli, Kettunen?"

"Nini?"

"Umeingia dini."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Hata mtoto angeona. Armas alifungua mdomo, na maneno yaliyokuja yote yalikuwa na tumbo ndani yake: tumbo, kuchubuka, kutapika, choo. Hayo ya kumwambia mwanamke ambaye yeye Armas ametumia miaka kumi na mitano kutomwambia kwamba anampenda? Aliufunga mdomo.

"Heri ningeambiwa na wewe," Impi alisema, "si na Saimi kwenye simu. Mimi kahawa yangu umeinywa tangu marehemu hajapoa kaburini. Kama ilikuwa dhambi ungesema mapema."

"Haikuwa dhambi."

"Basi unywe."

Naye akamimina. Hakukuwa na mkate siku hiyo. Impi hakuwa ameoka. Alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika haoki. Armas alikitazama kikombe kile cheusi, akahesabu uji wake wa alfajiri kwamba umeshakwisha tumboni, akamkumbuka baba yake juu ya sleji. Hakukigusa. Impi alikaa upande wa pili, akavuta kikopo kutoka dirishani, akatoa vidonge viwili, akavimeza kwa kahawa yake.

"Magoti," alisema. "Tangu Januari. Bila hivi siwezi kufika zizini."

"Umekula?"

"Nani apike kwa ajili ya mtu mmoja."

Armas alivijua vile vidonge. Alikijua hata kikopo. Kila neno la Raili lilikuwa pale, limejipanga kwenye ulimi wake kama watoto wa shule kwenye mstari, na angelitoa moja tu mengine yote yangefuata. Lakini lile la kwanza lilikuwa tumbo lake mwenyewe. Angeonekana mgonjwa, mzee, mtu wa uji. Aliinuka akasema dohani haina masizi mengi. Impi akasema, "Haina. Rudi tu siku sheria inapotaka." Armas akatoka. Kikombe kilibaki mezani kimejaa. Tangu siku hiyo, nawaambia, wote wawili waliishi kama watu waliofiwa ambao hawajui waanze matanga wapi.

Sheria ilitaka Agosti.

Agosti ndiyo mwezi wa beri za msituni, zile ndogo nyeusi-buluu zinazopaka rangi meno na vidole. Kila mtu huingia msituni na ndoo. Watu huzila kwa maziwa, huzioka, huzigandisha za majira ya baridi, na mtu akiumwa tumbo hupikiwa mchuzi wake mzito, unywewe ukiwa vuguvugu. Bibi zao walifanya hivyo na bibi za bibi zao. Na mwezi huo kila anayekwenda chooni hukuta alichoacha ni cheusi, haulizi, anajua ni beri.

Impi alifungua mlango akasogea kando bila neno. Armas alimtazama akashtuka. Uso ulikuwa mweupe kama karatasi, midomo ina rangi ya beri. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya ule mchuzi.

"Fanya kazi yako, Kettunen. Sikuwekei chochote, usihangaike na uongo."

"Unaumwa?"

"Tumbo lilinichezea kidogo. Nakunywa mchuzi wa beri, linapoa. Panda."

Alipanda. Alishusha brashi ndani ya dohani, akaivuta, akaishusha tena, masizi yakaanguka. Kutoka juu paani aliona uwanja mzima, zizi, ziwa, na choo cha nje mwisho wa njia. Aliona Impi akitoka nyumbani kwenda chooni. Alipiga hatua chache, akashika uzio. Akasimama. Akapiga chache tena, akashika mti. Mwanamke yule alikuwa mtu wa kubeba ndoo mbili za maziwa huku akiimba. Armas aliiacha brashi ikining'inia ndani ya dohani, jambo ambalo fundi hafanyi, akateremka ngazi mbiombio kama kijana.

Alimngoja njiani. Impi alipotoka, alimkuta amesimama mbele yake, mweusi tangu kofia mpaka viatu, kofia ameivua ameishika kwa mikono miwili.

"Impi," alisema. Hajawahi kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa "mama mwenye nyumba". "Choo chako ni cheusi?"

Impi alimtazama kwa muda. Miaka kumi na mitano. Mwanamume huyu hajamuuliza kama ana upweke, hajamuuliza kama atapenda kwenda dansi ya kijijini, hajamuuliza hata siku yake ya kuzaliwa. Swali lake la kwanza limekuwa hilo.

"Kettunen, umerukwa na akili?"

"Nijibu."

"Nakula beri. Nchi nzima choo chake ni cheusi mwezi huu. Kwenda zako, mpumbavu wewe, nipishe."

Hakumpisha. "Kinang'aa? Kinanata kama lami? Kina harufu isiyo yake?"

Impi aliinamisha kichwa. Damu ilikuwa kidogo mno mwilini mwake hata haya haikuweza kumpanda usoni.

"Tangu lini?" Armas akauliza.

"Tangu juzi. Au kabla. Nilidhani ni beri."

"Si beri."

Alimshika mkono, akamchafua masizi mpaka kwenye kiwiko, akamkalisha kwenye ngazi za mlango, akaingia ndani na viatu vyake akapiga simu. Kisha akaketi kando yake, na walipokuwa wakingoja gari la wagonjwa yule bwana asiyesema alisema. Alisema yote. Zahanati, mpira wa kooni, uji, Raili, baba yake aliyekuwa akijishika. Alisema hakuna dini. Alisema vile vidonge vikimezwa kwa tumbo tupu, na kahawa juu yake, huula ukuta wa tumbo mpaka uvuje, na kwamba alijua hivyo siku ile ya Machi alipomwona akivimeza.

Impi alikuwa ameegemea mlango, macho yamefumba.

"Ulijua mwezi wa tatu," alisema.

"Nilijua."

"Ukakaa hapo mezani kwangu, ukanitazama nikimeza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea haya."

Gari lilipofika Impi alipandishwa, mlango ukafungwa, na Armas akabaki uwanjani na ng'ombe wa Impi wanaolia wakamuliwe. Aliwakamua. Hakujua sana kukamua.

Hospitali ya mjini walimwongezea damu, wakamwingizia mpira kama ule wa Armas, wakaziba mahali palipokuwa panavuja. Daktari alisema siku moja zaidi na mchuzi wa beri, na mazungumzo yangekuwa mengine. Siku Armas alipofika, amejisugua kwenye sauna, lile bafu lao la mvuke, mpaka amekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, amevaa koti la mazishi kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo, alimkuta Impi amegeukia ukuta. Alikaa kwenye kiti. Impi hakugeuka. Ilipita nusu saa nzima, na safari hii kimya hakikuwa cha raha.

"Nilidhani ni mimi umenikataa," Impi alisema, kwa ukuta. "Nimelala na hilo tangu Machi. Sikuwa na hamu ya kula. Nikawa nameza vidonge, nakunywa kahawa, nasema, basi."

Armas aliweka mikono magotini. Angependa kupigwa.

"Hukustahili," alisema. "Mimi ndiye niliyeogopa. Niliogopa utaniona mtu wa kufa. Nisamehe."

Muuguzi aliingia akiwa na karatasi za chakula na dawa, msichana wa mjini, mwepesi. Akasema mama atarudi nyumbani wiki ijayo, lakini lazima awepo mtu wa kuhakikisha anakula kabla ya dawa, na vile vidonge vya magoti havirudi ndani ya nyumba, na kahawa asahau mpaka aambiwe. Akamgeukia Armas. "Wewe ni nani wake?"

Armas akakohoa. "Mimi nafagia..."

"Ni mtu wangu," Impi alisema, akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. "Mwambie yote. Na umfanye ayarudie kwa sauti, mbele yangu, neno kwa neno. Huyu ukimwachia atayameza, na mimi nitakufa."

Muuguzi akavuta kiti. Armas akayarudia.